Namba Sabini na Nne

Jirani yangu Censu Micallef hakuwa mtu wa kuona mambo. Tumepakana uzio miaka thelathini hapa St Albans, na nikisema Censu alikuwa mkavu, nakumbuka alivyombishia padri wao mbele ya waumini kwamba sanamu ya Bikira hailii, ni paa linavuja. Akapanda akaliziba mwenyewe. Kwa hiyo alichokuja kunieleza nilikisikiliza nikiwa nimekaa.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, baridi ya kawaida ya kipupwe chetu huku kusini mwa dunia. Mkewe Tessie alinipitishia pastizi, zile sambusa za kwao za njegere, juu ya uzio, zingali moto. Reno, mtoto wao wa pekee, alikuwa anapakia begi garini. Klabu yake ilialikwa kukamilisha idadi kwenye yale mashindano ya kirafiki ambayo timu za ng'ambo huja kunyoosha miguu kabla ya msimu wao kuanza: Wareno, Wajapani, Waskoti, na sisi wa kupigwa. Ila safari hii maskauti wa Wareno, wale wasaka vipaji, walikuwa wameshaulizia jina la Reno mara mbili. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa mpira, huo ndio mlango wa mwisho.

Na mwamuzi wa akiba wa mechi hiyohiyo alikuwa baba yake.

"Hiyo inaruhusiwa kweli?" nikamtania Censu. "Baba anashika kibao, mwana anacheza?"

"Aliyepangwa ana mafua. Halafu ni ya kirafiki tu, bwana. Nani anajali?"

"Ukinitoa leo, Mzee, nakuhama," Reno akadakia.

"Cheza ovyo uone!"

Tukacheka wote. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Kwenye mechi za kirafiki kuna watu wanaoitwa wachezaji wa majaribio. Orodha haina majina yao, ina namba tu. Wengine wana mkataba kwingine na hawataki kujulikana walipo, kwa hiyo desturi ni kutouliza. Anaweza kuingia yeyote, wakati wowote. Mwamuzi wa akiba hupokea karatasi, hukagua njumu, huinua kibao cha taa chenye namba ya anayetoka na ya anayeingia. Kazi imekwisha.

Dakika ya hamsini na nane, mtu alisimama kando ya Censu. Jezi ya klabu ya Reno, namba sabini na nne. Censu hakumwona akitoka benchi. Karatasi aliyompa ilikuwa imelowa, na siku hiyo mvua haikunyesha.

"Njumu, kijana," Censu akasema, macho yako uwanjani.

Yule akainua mguu. Censu akapitisha kiganja chini ya kiatu, kama alivyozoea. Hakukuta meno. Alikuta ngozi. Ya mtu. Ilikuwa baridi, na alipoigusa ilijikunja.

Angeweza kukataa. Angeweza kumwita mwamuzi wa kati. "Nilijua kabisa," aliniambia. "Nikajisemea moyoni, ni ya kirafiki tu. Nikabonyeza namba kabla sijaielewa ile karatasi."

Anayetoka: tisa. Reno.

Reno alikuja akikimbia, amekasirika. Alikuwa anacheza mchezo wa maisha yake. "Mimi? Baba, mimi?"

Censu akataka kukishusha kibao. Mikono haikushuka. Akataka kusema. Mdomo haukufunguka. Akamtazama mwanawe akigonga kiganja na yule mtu, akivuka mstari. Halafu hakuwepo. Hakuelekea vyumbani. Hakukaa benchi. Hakuwepo tu.

Sabini na nne alimpita karibu sana.

"Asante kwa kutouliza," alinong'ona.

Akaingia, akafunga magoli mawili. Censu anasema uso wake ulikuwa wa mgeni, uso ambao ukigeuka pembeni umeshausahau. Lakini jukwaani Tessie alikuwa amepanda juu ya kiti, analia kwa furaha. "Reno! Mwanangu Reno!"

Censu akamkimbilia kocha. "Tisa yuko wapi?"

"Si yule pale? Una nini leo, Censu?"

Marudio ya televisheni nimeyaona kwa macho yangu. Mpira unatoka nje. Reno anasogea mstarini, anakunywa maji, anarudi uwanjani. Nyuma yake Censu amesimama, mikono juu, ameinua kibao kilichozimika. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyeingia.

Jioni yule mtu alipanda gari lao. Akala pastizi zilizobaki, akamwita Tessie Mama. Nilimwona akishuka, akanipungia mkono, na mimi nikamwona Reno. Reno kabisa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Jumatatu Censu alirudi uwanjani kumtafuta mwanawe. Nilimpeleka mimi, maana Tessie aliogopa aendeshe peke yake katika hali ile. Uwanja wenyewe ni wa kriketi. Nyasi za mpira huletwa na malori zikiwa zimeviringishwa kama mikeka, hutandikwa juu, na mashindano yakiisha huviringishwa tena. Tuliwakuta wafanyakazi wamezima mashine. Wamesimama tu, wanatazama chini.

Upande wa chini wa nyasi walizokwisha kuzipindua, kwenye udongo, kulikuwa na alama za njumu. Mtu alikuwa amekimbia chini ya uwanja, nyayo zake zikikanyaga kuelekea juu.

Tulizifuata. Zilizunguka. Zilirudi. Zilikuwa zinatafuta pa kutokea. Mwisho zikanyooka hadi pembeni, katikati ya mstari, mahali anaposimama mwamuzi wa akiba, na hapo zikatulia. Zilikuwa zimezama sana, nyayo za mtu aliyesimama muda mrefu bila kuondoka. Kando yake, viganja viwili.

"Mimi nilikuwa hapa," Censu akasema polepole. "Nusu saa nzima. Nimemkanyaga mwanangu."

Wale wafanyakazi walichimba, kwa kumwonea huruma tu. Wakakuta mchanga. Wakachimba tena, mchanga. Mmoja wao akamshika Censu bega, akamwambia aende nyumbani apumzike.

Wareno walimchukua yule mtu. Yeye hupiga simu nyumbani kila Jumapili, na Tessie ametundika jezi yake sebuleni. Simu ikilia, Censu hutoka nje. Alishamweleza mkewe mara moja. Akapelekwa kwa daktari, akapewa vidonge, anavimeza. Atafanya nini?

Kipande kile chenye viganja alikikata siku ileile, akakiweka gereji, udongo ukiwa juu. Nyasi zilikufa zamani. Wiki iliyopita aliniomba nikakitazame, kwa sababu yeye haamini tena macho yake. Niliweka mkono wangu juu ya alama ya kulia. Udongo ulikuwa na joto.

Nilipoondoa mkono, vidole vyote vitano vya ile alama vilikuwa vimejikunja.