Mstari Ulio Chini ya Maji

Fundi alikuwa ameinama juu ya rundo la plaiwudi, anagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ubao wenye uwazi ndani hulia kama debe tupu. Mzima hujibu kwa sauti nzito, fupi. Nyuma yake soko la mbao lilikuwa limechachamaa. Misumeno ilipiga kelele, wachukuzi walipaza sauti zao, "Pisha! Pisha mgongo!", na vumbi lilielea juani hata kila mtu akaonekana kama aliyepakwa unga. Alipopata ubao uliojibu vizuri aliushika pembe moja. Pembe ya pili ilikuwa tayari imeshikwa na mkono mwingine.

"Huu ni wangu," alisema mwenye mkono.

"Umeugonga?"

"Nimeupenda."

"Basi wewe umeupenda, mimi nimeugonga. Nani ana haki zaidi?"

Alikuwa mwanamume mrefu, shati la bluu mpauko limepigwa pasi kwa bidii mbele na kusahauliwa mgongoni, chaki imebaki kwenye kola. Alimtazama Fundi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi buti zilizopasuka, kisha akatabasamu kama mtu aliyekamatwa akiiba sukari.

"Unataka kutengeneza nini?" Fundi aliuliza.

"Dunia."

"Dunia nzima kwa ubao mmoja?"

"Nusu tu. Nusu nyingine nitamwachia Mungu."

Alikuwa mwalimu wa jiografia. Alitaka mabara ya mbao ambayo wanafunzi wangeyasukuma sakafuni kwa mikono yao, wayaone yakiwa pamoja kama yalivyokuwa zamani, kisha wayatenganishe wenyewe. Fundi alimuuliza atakatia nini. Mwalimu akasema nyumbani ana msumeno wa kukatia matawi.

Fundi alicheka. Sauti ya kicheko ilimshtua mwenyewe, kwa kuwa hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Niletee michoro," alisema. "Nitakukatia mimi. Msumeno wa matawi utaua mabara yote."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, jiko dogo na kiti. Kiti kilikuwa kimoja tu. Tangu yeye na mumewe waachane hakuona sababu ya kutengeneza cha pili, ingawa viti ndivyo vilivyomlisha. Jioni alifagia vumbi la mbao, akapika, akala akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Jirani akizima redio, naye hulala.

Mwalimu alileta michoro siku iliyofuata: Afrika na Amerika ya Kusini, ameyafuatisha mwenyewe kutoka ramani ya ukutani kwa karatasi nyepesi. Kesho yake alirudi kuona kazi inaendaje, na keshokutwa pia, ingawa kazi haikuwa imeenda popote. Akaanza kupiga simu alfajiri.

"Fundi wangu, umeamka?"

"Nimeamka," Fundi alijibu, macho bado yamefumba.

"Unajua umetembea usiku kucha?"

"Mimi nililala kitandani kwangu, Mwalimu."

"Kitanda kimetembea. Nyumba imetembea. Bara zima limetembea na wewe ukiwa juu yake unakoroma."

"Sikoromi!"

"Linakwenda polepole, mpenzi. Kama kucha inavyoota."

"Na nani anayelisukuma?"

"Swali hilohilo ndilo lililomshinda mtu wa zamani aliyeanza kulieleza jambo hili kwa dhati. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, si wa miamba, kwa hiyo wenye miamba yao wakamcheka. Aliona pwani mbili zinafanana. Akaona mabaki ya mjusi mmoja wa kale yamo pande zote mbili za bahari, na mjusi yule hakuwa wa kuogelea bahari kuu. Lakini aliposhindwa kusema ni nguvu gani inayosukuma, wakamwambia anaota. Akafa wengi hawajamwamini."

"Maskini."

"Baadaye sana ndipo watu walipopima chini ya bahari. Wakakuta katikati kabisa kuna safu ndefu ya milima, imepasuka kwa urefu. Mwamba wa moto unapanda kwenye ufa ule, unapoa, unakuwa sakafu mpya. Ardhi yote imekaa juu ya mabamba, na pale mabamba mawili yanaachana."

"Bila ugomvi?"

"Bila hata neno."

Hapo Fundi alifumbua macho. Kwake pia hapakuwa na ugomvi. Yeye na yule bwana waliishi nyumba moja, wakala meza moja, na kila mwaka nafasi kati yao ikaongezeka kwa kiasi ambacho hakuna aliyekiona, mpaka asubuhi moja mwanamume akafunga sanduku, naye akamshikia mlango.

Alipenda kusikia sauti ya Mwalimu. Kuongea alfajiri ndiko hakukupenda hata kidogo. Lakini Mwalimu alipouliza, "Niendelee kukupigia mapema hivi?" alisema, "Sawa tu." Mwalimu alipomnunulia gauni la njano, rangi iliyomfanya ajione kama taa ya barabarani, alisema, "Zuri sana," akalivaa walipokwenda kutembea. Mwalimu alijaa fahari. Alimshika mkono mbele ya watu na kumwambia kila aliyesimama kuwasalimu, "Huyu ndiye anayenikatia dunia."

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama kufariki, alipiga simu kutaka habari.

"Kitinda, nasikia umepata mtu."

"Nimepata mteja, dada."

"Mteja anayekununulia gauni? Hebu niambie wa wapi, nipate mteja kama huyo na mimi." Akacheka hadi akakohoa, kisha sauti ikashuka. "Sikiliza, mdogo wangu. Miaka yote ile na yule bwana ulisema 'sawa' mpaka akasahau kama unajua neno lingine. Huyu ameshakusikia ukikataa kitu?"

"Hajasema kitu cha kukataliwa."

"Haya," dada alisema, kwa namna ya mtu ambaye hajaridhika.

Vipande vilipokwisha kukatwa, Fundi aliviweka mezani na kuvisogeza pamoja. Havikuingiana. Kwa mbali vilitamanisha, bega la Amerika likilielekea kwapa la Afrika, lakini karibu kulibaki mianya ya kupitisha vidole, na mahali pengine vilipandana. Aliangalia michoro tena. Alikuwa ameufuata mstari bila kupotea hata unywele.

Mtu mwingine angepiga simu. Fundi alichukua tupa.

Aliibana Afrika kwenye meno ya jiliwa akaanza kuipunguza, pole, huku akijaribisha, huku akipiga msasa. Panapojitokeza aliondoa, penye mwanya aliondoa pande mbili za jirani ili uzibe. Alifanya kazi ile kwa mapenzi kuliko kiti chochote alichowahi kutengeneza. Mwishoni mabara yale mawili yalikumbatiana bila hata nafasi ya kupitisha karatasi. Akayapaka vanishi, akavaa gauni la njano, akangoja.

Mwalimu alipoingia alipiga kelele ya furaha. Aliyatenganisha mabara, akayarudisha, akayatenganisha tena. Kisha akachukua ile karatasi yake, akailaza juu ya Afrika.

"Fundi. Umeipunguza."

"Kidogo. Ili zikae pamoja."

"Kidogo? Umenyoa mwambao wa nchi nzima nzima! Hii si Afrika, hii ni..." Alitafuta neno. "Huu ni uongo. Siwezi kuwapa watoto uongo."

"Nimekufanyia iwe nzuri."

"Sikuomba iwe nzuri! Kama haziingiani ungeniambia. Neno moja tu, 'Mwalimu, haziingiani.' Kwa nini hukuniambia?"

Hilo ndilo lililomuuma. Alisimama ndani ya gauni asilolipenda, mikono imejaa malengelenge ya tupa, na kitu alichokifanya kwa upendo kimeitwa uongo. Akaona kwamba ni kweli, na kwamba huo haukuwa uongo wake wa kwanza.

"Chukua mbao zako uende," alisema.

"Fundi wangu, sikuwa na maana..."

"Nenda, Mwalimu."

Aliondoka, mbao akaziacha.

Ukimya uliofuata Fundi aliufahamu, ni kama nyumba aliyowahi kupanga. Alitengeneza viti. Alfajiri aliamka kabla ya saa ya simu, akabaki kitandani akiitazama simu iliyolala kando ya mto wake. Alishangaa kwamba alfajiri, ambayo hakuwahi kuipenda, sasa ilikuwa na shimo katikati. Jioni alikaa kwenye kiti chake, redio ya jirani ikiimba ukutani, na mabara yale mazuri ya uongo yakimetameta juu ya meza. Siku moja aliyatenganisha, akaweka moja huku na moja kule. Hata hivyo hakupata nafuu.

Dada alipiga. "Amekuacha au umemfukuza?"

"Nimemfukuza."

"Kwa kosa gani?"

"Aliniuliza kwa nini sikumwambia ukweli."

"Pole, Kitinda," alisema tu, na safari hii hakutania.

Mchana mmoja, Fundi akiwa na misumari mdomoni, simu ikalia. Alitema misumari yote.

"Fundi, usikate. Si habari yetu. Ni habari ya mstari."

"Mstari gani?"

"Kosa ni langu. Nilikupa mstari wa ufukwe, pale bahari inapoishia. Lakini bara haliishii hapo! Linaendelea chini ya maji, mteremko mdogo, mbali kabisa, ndipo linapokatika na kushuka kilindini. Ukingo wenyewe ni ule. Ukifuata ule, yanaingiana. Nimefundisha jambo hili miaka, halafu nikakaa mbele ya ramani ya ukutani kama mjinga nikafuatisha ufukwe. Nilikupa kazi isiyowezekana, kisha nikakugombeza kwa kuiwezesha."

Fundi aliinama kuokota msumari. Alimsikia akipumua.

"Upo?"

"Nipo."

"Nimechora upya. Nikuletee kesho alfajiri kabla ya shule?"

*Sawa* ilikuwa imeshafika ulimini. Fundi aliisikia ikisukuma meno, akaimeza.

"Hapana," alisema. "Alfajiri sipendi kuongea na mtu. Sijawahi kupenda. Njoo Jumamosi."

Mwalimu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeonewa na akafurahi.

"Asubuhi zote zile!"

"Zote."

"Kuna lingine?"

"Gauni la njano."

"Uuwi! Nililizungukia maduka mpaka miguu ikavimba!"

"Najua. Pole. Linanifanya nionekane kama taa ya barabarani."

Jumamosi alikuja na karatasi mpya iliyokunjwa kwa uangalifu na ubao mpya begani. Fundi alikuwa ndani ya ovaroli, kitambaa kichwani. Hawakukumbatiana. Mwalimu aliulaza ubao mezani na, kabla ya kuambiwa, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Unasemaje?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Kwangu zote zinasema ngo ngo."

Walichora mistari miwili ya penseli, ufukwe kwa ndani na ukingo kwa nje, na Fundi akakata Afrika kwa kuufuata wa nje. Aliilaza juu ya mchoro wa Amerika ambayo bado haijakatwa. Bega liliingia kwapani. Si kwa ulaini wa ile ya kwanza. Kulikuwa na vijinafasi hapa na pale, kama meno ya mtu mzima. Lakini lilikaa. Mahali pamoja tu Afrika ilijitokeza ikampanda mwenzake.

"Hapa je? Nitie tupa?"

"Paache. Hayo ni matope. Mto mkubwa umeyamwaga hapo miaka na miaka, mabara yakiwa yameshaachana. Zamani hayakuwepo."

Fundi alipapasa pale kwa dole gumba, muda mrefu.

"Fundi," Mwalimu alisema nyuma yake, "nataka tuoane."

Hakugeuka. Alijua jibu ambalo lingemfurahisha, alijua hata sauti ya kulisemea.

"Nakupenda," alisema. "Hilo sina shaka nalo. Ila kuishi na mtu tena, sijui. Naogopa nitaanza kujipunguza bila wewe kuona, na bila mimi kuona. Sijui bado, Mwalimu. Nikikwambia ndiyo leo, nitakuwa nimeipiga msasa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Iliuma, na hakuficha kwamba imeuma.

"Ni jibu gumu," alisema.

"Ndilo nililo nalo."

"Basi nalichukua hilohilo." Alipangusa vumbi kwenye kola. "Nikae nikusaidie?"

"Shika ubao huku. Kwa nguvu."

Fundi aliwasha msumeno akaingia Amerika kutoka juu, akashuka na ukingo. Walikuwa hawajafika nusu umeme ulipokatika. Wakangoja, chumba kikawa kijivu, haukurudi. Mwalimu alisema kwaheri mlangoni, akasita, akaenda. Redio ya jirani nayo ilikuwa imekufa na umeme, na mtaa wote ulinyamaza. Fundi alikaa kwenye kiti chake akiangalia ubao. Hakuuondoa msumeno. Aliuacha umesimama ndani ya mkato, na Amerika yote ya chini bado imeshikana na mbao, ikiwa na alama ya penseli tu kuonyesha kesho aendelee wapi.