Mkataba wa Annastella

Annastella alikuwa akimenya ndizi nyuma ya nyumba yao, kijijini Izimbya, Bukoba. Baada ya wiki mbili angekuwa Maskati, Oman, akifanya kazi za nyumbani. Huko nani angemtania kwamba anamenya polepole? Alikuwa hajaondoka, lakini tayari alikuwa amepakumbuka nyumbani.

Sebuleni baba yake, Mzee Lwakatare, alikuwa na mgeni. Alikuwa wakala kutoka mjini, aliyeahidi kumtafutia Annastella hiyo kazi. Mzee alimpa kahawa ya kutafuna, mgeni akatafuna. Basi yakaisha! Kwa Mzee Lwakatare, mtu aliyetafuna kahawa nyumbani kwako ni ndugu.

"Binti anipe pasipoti niitunze," wakala alisema. "Mkataba atauona akifika."

"Mpe, Annastella," baba alisema.

"Iko kwa jirani, Tata. Nitaileta kesho."

Pasipoti ilikuwa chini ya mto wake. Moyo wake ulikuwa umesita tu.

Jioni hiyo alikwenda kwa jirani yao, Joanitha, aliyewahi kufanya kazi Maskati miaka minne.

"Mimi nilikwenda bila mkataba," Joanitha alisema. "Sikuwa na siku ya kupumzika. Simu walininyang'anya. Bibi yangu alifariki, nikajua baada ya miezi mitatu."

Annastella aliogopa. "Basi nisiende?"

"Nenda ukitaka, lakini nenda na karatasi. Mkataba usome ukiwa hapa, kwa Kiswahili. Uonyeshe mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na ruhusa ya simu. Ubalozi wetu uuhakiki. Pasipoti ishike mwenyewe, nakala mwachie Tata. Na namba ya ubalozi uijue kwa kichwa."

Asubuhi walikwenda wote wawili kwa mzee. Alikasirika.

"Nimdai karatasi mtu aliyetafuna kahawa yangu?"

Joanitha alipiga magoti, akaanza na neno la heshima la Kihaya. "Waitu, Tata, kahawa umempa wakala. Mwajiri wa Maskati hakuitafuna."

Mzee alitaka kukasirika zaidi, akacheka. Alimpigia wakala na kuuomba mkataba. Wakala aliahidi kuuleta. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Mzee Lwakatare aliona aibu, akashinda shambani siku mbili bila kuongea na mtu.

Annastella alikwenda ofisi ya ajira, Bukoba mjini. Huko alielekezwa kwa wakala aliyesajiliwa. Ilichukua miezi mitano. Mkataba aliusoma mara tatu, na Joanitha akausoma mara moja.

Maskati ilikuwa ngumu mwanzoni. Joto lilimchosha. Kila siku wali. Alikumbuka matoke na maharage mpaka akalia akiosha vyombo. Ijumaa ya kwanza mwajiri wake, Bi Mastura, aliyejua Kiswahili, alimwambia apige pasi.

Annastella aliuleta mkataba. "Mama, hapa imeandikwa Ijumaa napumzika."

Bi Mastura alisoma, akamrudishia. "Kweli. Pumzika."

Annastella aliingia chumbani, akapiga simu nyumbani.

"Tata, mnafanya nini?"

"Tumekaa tu. Mvua inanyesha."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Nitolee simu nje kidogo, niisikie."

Mzee Lwakatare hakuuliza kwa nini. Alitoka barazani, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea kwenye migomba, akasimama hivyo hadi mkono wake ukalowa.