Dawa Iliyomfaa Kidoti

Nyumbani kwa Kidoti siku huanza kwa mlio wa cherehani. Mama yake ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho duka lake. Vitambaa vimejaa mezani, vipande vya uzi vimetapakaa sakafuni. Baba yake huoka mikate. Bibi, mama mzazi wa baba, anaishi nao. Kazi ya Bibi ni kuona kila kitu na kukisema.

Kidoti ana miaka minne, na ana kifafa. Homa kidogo tu inatosha: macho yanageuka, mwili unakakamaa na kutikisika. Hospitali walimpa dawa, lakini kuanguka kukazidi. Kibaya zaidi, maneno yalianza kumpotea. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali hadi watu wachoke. Sasa akitaka maji alinyoosha kidole tu.

"Dawa humpi sawasawa," Bibi alimwambia mkwewe. "Akili yako yote iko kwenye cherehani."

"Mama, nampa kila siku. Mungu ni shahidi yangu."

"Lete hiyo chupa. Nitampa mwenyewe."

Bibi akachukua dawa. Hakukosa kumpa hata mara moja. Lakini mtoto akazidi kuanguka! Hapo Bibi akaja na jipya.

"Basi ni ugonjwa wa kwenu," alisema. "Kwetu hajawahi kuanguka mtu."

Maneno hayo yalimchoma Mama Kidoti. Alimwambia mumewe kwamba yakiendelea, atamchukua mtoto arudi kwao. Mume alikuwa katikati ya mama na mke, na huko katikati hakuna kiti.

Siku moja jirani yao, nesi wa hospitali kubwa, alikuja kuchukua sketi yake. Akamkuta Kidoti ameanguka sakafuni. Bibi alikuwa anakimbia na kijiko.

"Hapana, Bibi! Usimtie kitu mdomoni!"

Nesi alimlaza mtoto kwa ubavu. Akamlegeza nguo shingoni, akatazama saa. Baada ya muda mfupi mtoto alitulia.

"Akianguka, fanyeni hivi hivi," alisema. "Ikifika dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali."

Mama Kidoti alikuwa analia. "Dawa hii naimwaga leo! Haina faida."

"Usithubutu, dada. Kuacha ghafla ni hatari sana. Lakini mlete kwetu. Siku hizi tunapima jeni."

"Jeni ndiyo nini?"

Nesi akaokota karatasi ya kukatia nguo mezani. "Hii inakuonyesha ukate wapi, siyo? Mwili nao una maelekezo yake, humo humo ndani. Tunarithi kwa baba na mama. Kila elekezo ni jeni. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na kuna jeni za kuutuliza. Mojawapo ikiwa na kasoro, mtu anaweza kupata kifafa. Zamani hatukuweza kuzisoma. Sasa tunasoma."

"Na mtaona imetoka upande gani?" Bibi aliuliza upesi.

"Tutapima damu ya mtoto, ya baba na ya mama."

"Nipimeni na mimi! Muone damu safi."

"Bibi, ya mwanao inatosha," nesi alisema, akicheka.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Siku ya kuitwa walikwenda wote, Bibi akiwa mbele.

"Kasoro tumeiona," daktari alisema. "Lakini baba hana, na mama hana. Imeanza kwa mtoto mwenyewe alipokuwa anaumbika. Hutokea hivyo. Hakuna wa kulaumiwa."

Bibi alitazama chini.

"Tena kuna jambo kubwa zaidi," daktari aliendelea. "Dawa aliyokuwa anatumia inawasaidia wengi. Ila kwa mtoto mwenye kasoro hii, inaweza kuzidisha kifafa."

"Jamani! Na mimi nilivyompa kwa bidii!"

"Ulifuata ulichoambiwa na madaktari, Bibi. Hata sisi hatukujua. Sasa tutambadilishia, pole pole. Hatapona kabisa, lakini natumaini ataanguka mara chache." Kisha akauliza, "Mnakubali tuwape watafiti majibu haya, bila jina lake? Yatasaidia watoto wengine."

Mama Kidoti hakusita. "Wapeni. Kuna mzazi alikubali kabla yangu, ndiyo maana leo mmejua. Sijui nimshukuru wapi."

Walipofika nyumbani, Bibi alimfuata mkwewe dukani. "Mwanangu, nilikuumiza bure. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama," mkwewe alijibu, naye akakaa karibu yake. Walilia pamoja, na kazi ya siku hiyo ikalala.

Miezi ilipita. Kidoti bado anatumia dawa yake mpya kila siku, na kliniki hawakosi. Kuanguka kumekuwa kwa nadra. Maneno nayo yalirudi, moja moja.

Asubuhi moja Bibi alikuwa anamnywesha uji. Mtoto akausukuma mkono wake.

"Bibi, uji wa moto! Unataka kuniunguza?"

Bibi aliweka kikombe chini. Machozi yalimtoka, akaita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Mwanangu, acha cherehani, njoo usikie! Mtoto wetu ananigombeza!"