Samansi Ndani ya Koti

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua duka lake kwa teke. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua na haukuwa na adabu. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada wa mume wake. Mume alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali miaka tisa iliyopita. Huko akaanza maisha mengine. Barua kwa mkewe zikakoma, simu zikakoma. Lakini wifi hakwenda popote. Alisema aliyehama ni kaka yake, si yeye, akaendelea kushona vifungo.

Jirani na duka alifanya kazi fundi baiskeli. Alikuwa mjane, mpole, na suruali zake zilichanika kupita kiasi. Wifi alisema hakuna mtu duniani anayechana suruali nne kwa mwezi bila sababu. Sababu ilijulikana. Fundi baiskeli alitaka kumwoa fundi cherehani, na fundi cherehani naye alitaka, tena sana. Tatizo lilikuwa moja tu: kisheria, bado alikuwa mke wa mtu.

Basi akafungua kesi ya kuomba talaka. Mahakama ikatoa samansi, yaani hati ya kumwita mume ajibu madai. Sasa hati hiyo ilipaswa kumfikia mume huko aliko. Fundi cherehani akashika tama. Alimjua mtu wake. Akiona bahasha yenye mhuri, huingia mitini.

Mwezi huohuo wifi alikuwa anakwenda kumtembelea kaka yake. Hapo fundi cherehani akapata wazo, akajipongeza nalo. Alishona koti zuri la kijivu. Mgongoni, chini ya bitana, akaishona samansi kwa uzi imara. Wifi akalifikisha koti salama. Baada ya wiki mbili ikaja picha kwenye simu. Mume amelivaa koti, anatabasamu.

Siku ya kesi fundi cherehani aliingia mahakamani kifua mbele. Hakimu akamuuliza kama mdaiwa ameipata samansi.

"Ameipata, Mheshimiwa," alijibu. "Hata sasa ameivaa."

Akaonyesha picha, akaeleza ushonaji wake wote. Watu waliangua kicheko. Hakimu mwenyewe alijificha nyuma ya faili kwa muda. Kisha akaeleza kwa upole kwamba mdaiwa lazima ajulishwe kwa njia inayokubalika kisheria. Kuvaa koti si kupokea samansi. Kesi ikaahirishwa.

Fundi cherehani alirudi dukani miguu mizito. Fundi baiskeli alimletea chai, akaketi kando yake mpaka ikaisha. Upole ule ulimuuma kuliko kicheko cha mahakamani.

Siku ya tatu akaja karani wa mahakama, mteja wa miaka mingi, kupunguza sketi. Alikuwapo siku ya picha. Akapanda juu ya kigoda apimwe upindo, na palepale akaanza somo.

"Fundi, mtu aliye nje ya nchi hapelekewi samansi kienyeji. Kwanza unaiomba mahakama ruhusa ya kuipeleka nje. Unaandika kiapo. Unaeleza mume yuko wapi, na kwa nini kesi isikilizwe hapa."

"Nikishapata ruhusa, naipeleka posta?"

"Uliza kwanza. Kuna nchi zinakubali posta, na kuna nchi hazitaki hata kuisikia. Mara nyingi mahakama yetu huipitisha samansi kwenye ofisi ya serikali inayohusika. Ofisi hiyo huipeleka kwa wenzao wa kule. Afisa wa kule ndiye anayemkabidhi mume wako. Halafu unarudi uthibitisho: amepewa nani, wapi, siku gani."

Wifi, mwenye pini mdomoni, aliuliza kama huyo afisa wa kule ataielewa lugha yetu. Karani akacheka, akasema hapo ndipo wengi hukwama. Hati hutafsiriwa na mfasiri anayetambuliwa, ikiwa nchi ile inataka. Tena anwani iwe kamili, namba ya nyumba na mtaa. Mambo ya "ukifika ulizia" hayakubaliki.

Fundi cherehani aliacha kupima. Akauliza lililokuwa linamkera. Kwa nini apite njia ndefu hivyo kwa ajili ya mtu aliyemtupa miaka tisa?

"Kwa ajili yako mwenyewe," karani alijibu. "Tuseme unapewa talaka, unaolewa. Siku moja mume anajitokeza, anasema hakuambiwa. Akithibitisha, hukumu inaweza kufutwa. Ndoa yako mpya itasimama wapi? Na yeye pia ana haki ya kusema lake. Lakini akikabidhiwa vizuri, akanyamaza mpaka siku zake za kujibu ziishe, mahakama inaweza kuendelea bila yeye."

"Na kama nisingejua anapoishi?"

"Ungeieleza mahakama, ukaonyesha ulivyomtafuta. Pengine ingeruhusu tangazo gazetini. Ila ni mahakama inayoamua, si cherehani."

Walicheka wote watatu, na sketi ikapindwa upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Ilibidi ifumuliwe.

Kesho yake fundi cherehani alilivalia njuga jambo lile. Alikula kiapo, akapewa ruhusa. Wifi aliandika anwani kamili, maana alilala katika nyumba hiyo. Mfasiri akafanya kazi yake, na hati zikaondoka kwa njia ya serikali. Miezi mitano ilipita. Suruali za fundi baiskeli ziliendelea kuchanika.

Hatimaye uthibitisho ulifika. Mume alikabidhiwa mkononi, nyumbani kwake, na alitia sahihi. Pamoja nao lilikuja jibu lake, na hakimu akalisoma kwa sauti. Mume hakuwa na pingamizi. Alisema naye alitaka mambo yaishe kwa amani, ila aliona aibu kuanza. Mwishoni aliongeza: "Kuhusu koti, kila nikiinama mgongo ulikuwa unachakacha. Nilidhani ni bitana mpya. Leo dada amenieleza kwa simu, nimelifumua. Ningejua mapema, ningejibu mapema."

Safari hii hakimu hakujificha. Alicheka waziwazi, kisha akatoa talaka. Fundi cherehani alilia kwa furaha, na wifi akalia zaidi yake.

Mwezi uliofuata walisimama mbele ya msajili wa ndoa, wifi na karani wakiwa mashahidi. Fundi baiskeli alivaa koti jipya la buluu, kazi ya bibi harusi mwenyewe. Walipomaliza kutia sahihi, alipapasa bitana ya mgongoni kwa mashaka.

"Usijisumbue," mke wake alimwambia. "Wewe umekabidhiwa mkononi, na sahihi yako ninayo."