Farasi Asiye na Kichwa

Giza lilianza kuingia Vibia alipopeleka kitambaa alichofuma kwa Petronia, muuza divai wa langoni. Petronia akamlipa dinari moja ya fedha.

Ilikuwa baridi. Ilinuka udongo...

Vibia akaigeuza. Upande mmoja, mungu wa kike mwenye kofia ya vita. Upande wa pili, gari la farasi wanne, na yule wa mwisho hana kichwa.

Aliitambua mara moja. Kichwa kile alikikata yeye mwenyewe kwa kisu, apate kujua kama ndani ni fedha tupu au shaba iliyopakwa. Hakutaka mumewe Sertorio azikwe na sarafu bandia mdomoni. Mvushaji wa mto wa wafu hadanganyiki. Asiye na nauli habebwi, hubaki akitangatanga.

"Dada, hii umeipata wapi?"

"Kwa shemeji yako Numerio. Leo kanywa mpaka kaimba. Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Alirudi nyumbani kwa hasira. Mtu anafukua kaburi la ndugu yake wa tumbo moja, anampanua taya, kisa divai!

Mlangoni kwake palisimama mtu.

Nguo za maziko zimelowa matope, taya linaning'inia, mkono ameunyoosha...

Vibia hakukimbia. Akaiweka dinari juu ya ulimi wake.

"Chukua haki yako, mume wangu," akanong'ona. "Ila usivuke kwanza. Pitia kwa Numerio."

Taya likajifunga. Tak.

Asubuhi Numerio alikutwa kitandani amekufa, macho yamemtoka. Kwenye ulimi wake palikuwa na alama ya kuungua: farasi wanne, wa mwisho hana kichwa. Kaburi la Sertorio lilikuwa limefukiwa vizuri tu, wala hakuna aliyejua ni nani aliyelifukia.

Mama mkwe akaja analia. "Mwanangu, sina hata shaba. Nipe sarafu moja tu nimtie mdomoni, asije akatangatanga."

Vibia alikuwa na dinari mbili kibindoni.

"Sina, mama."

Atangetange, alisema moyoni. Amezoea kuzurura makaburini, huyo.

Wakamzika hivyo hivyo.

Jioni ile Vibia aliketi akisokota sufu, roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ndipo harufu ya divai ikapenya chini ya mlango... divai na udongo.

Mlango ukafunguka taratibu. Mkono ukanyooshwa.

Vibia akazitoa dinari zote mbili haraka. "Shika, shemeji. Shika uende zako."

Mkono ukazipita zile dinari, ukaja taratibu mpaka kwenye taya la Vibia.