Sahani Tupu za Onesmo

Kabla kipindupindu hakijaingia mwaka ule wa 1978, wanaume wa mji wa mzee Bujiku, karibu na Kolandoto, walikula pamoja shikome, penye moto wa uani. Kisha Bwana Afya Pantaleo akapita na baiskeli yake, akakataza watu kunawa beseni moja na kula sinia moja. Tangu hapo kila mtu alikula peke yake. Kazi ya Limi, binti wa Bujiku mwenye miaka kumi na miwili, ikawa kumpelekea kaka yake Onesmo chakula chumbani.

Onesmo alisoma chuo kikuu, Dar es Salaam. Alikuja likizo, karantini ikafunga njia, akakwama nyumbani. Kabla hajaja, Dominiko, rafiki aliyekaa naye chumba kimoja chuoni, alikuwa amekufa kwa kipindupindu.

"Mpe mbwa," Onesmo alisema, akisukuma ugali. "Ila Mama aone sahani tupu. Niahidi."

"Kaka, hata jana hukula."

"Mikono yangu ina sumu, Limi. Mimi ndiye niliyempa Dominiko maji."

Mikono yenyewe ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa na majivu kutwa. Limi akaahidi.

Kila jioni mama yao, Mbuke, alipokea sahani akicheka. "Huyu msomi anakula kama fisi! Kumbe vitabu vinachimba tumbo?"

Limi alicheka naye, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Mbwa akanenepa.

Siku ya tisa Limi alimkuta Onesmo sakafuni, midomo imekauka.

"Waambie nimelala," alinong'ona. "Heri nimfuate Dominiko."

Limi alisimama na sahani mkononi. Kisha akatoka, akaiweka mbele ya mama yake ikiwa na chakula chote.

"Mama, kaka hali. Siku zote hizi nimekudanganya."

Mbuke aliinua mkono ampige, akaushusha, akakimbilia chumbani.

"Wenye wivu wamemroga mwanangu," alisema mzee Bujiku. Lakini huku akisema hivyo alikuwa akifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakampeleka hospitali.

Haikuwa kipindupindu. Muuguzi Generoza alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila siku akakaa kusikiliza habari za Dominiko, zile zile. Wiki tatu zikapita hivyo.

"Akili nayo huugua, mzee wangu," alimwambia Bujiku. "Msiba ule aliubeba peke yake, ukamwelemea."

Limi aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Sista. Mimi ndiye niliyeficha."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa akikuomba umfichie ugonjwa, usimkubalie. Mwambie mtu mzima, hata kama mgonjwa atakununia. Siku ile ulipotoka na sahani, ulimwokoa."

Onesmo hakupona mara moja. Jioni ya kwanza nyumbani, Limi alirudisha sahani jikoni.

"Amekula nusu, Mama."

Mbuke aliitazama ile nusu iliyobaki, akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Nusu hiyo inanitosha," alisema. "Ni ya kweli."