Basi la Mjomba Rutilio

Kila Jumamosi, Eulalia alipotoka zamu yake kiwandani, alilitoa gari lake bandani, akafagia sakafu na kuwasha muziki. Hapo ndipo vijana kumi na wanne, wasichana saba na wavulana saba, walipofanyia mazoezi ya dansi. Katikati yao alikuwa Yareli, binti yake, aliyekaribia kutimiza miaka kumi na mitano. Kwetu sisi siku ya kutimiza umri huo si ya mchezo. Msichana huvaa gauni pana, huombewa misa, kisha huzungushwa mjini pamoja na wenzake kabla ya kuingia ukumbini kucheza.

Eulalia alimlea binti huyu peke yake, na kukata nyama kiwandani hakumtajirishi mtu. Lakini sherehe hii haimwangukii mzazi mmoja. Kila kitu hupata msimamizi wake wa kukigharamia: wa gauni, wa muziki, wa chakula. Mimi, Chela, jirani yao, nilichukua keki, maana kuoka ndiyo kazi yangu. Basi la sherehe lilichukuliwa na Rutilio, kaka yake Eulalia. Hakungoja kuombwa. Alisema mpwa wake hatazungushwa kwa gari la kuazima na mjomba wake yu hai.

Sasa, mji wetu huu wa Nebraska ni mdogo kweli. Ukitia pipi mdomoni kanisani, unafika ukumbini haijaisha. Mtu angeweza kuuliza basi la nini. Basi ni la kuonekana, jamani! Linapita barabara kuu, linazunguka maghala ya mahindi, linakwenda ziwani kwa ajili ya picha, kisha linarudi likipiga honi, na watu wote wanatoka milangoni kutazama. Ndani lina viti virefu vilivyopangwa ubavuni, taa za rangi kwenye dari, na muziki wa kutetemesha madirisha. Vijana wetu waliliongelea basi hilo kuliko misa yenyewe, na padri alijua.

Katika wale wasichana saba alikuwemo Brisa, binti wa Rutilio. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo kuliko wote, na hakuna aliyemfikia kwa kucheza. Tatizo lake lilikuwa moja: gari humchefua. Wakati wa Pasaka alipewa lifti na mama yake Denisse, na kabla hawajafika mbali akatapika juu ya viatu vipya vya Denisse. Denisse huyo ni rafiki mkubwa wa Yareli, na mdomo wake haujui kupumzika.

Jumamosi moja, Brisa alipokwenda kunywa maji, Denisse alianza vituko vyake.

"Mimi kwenye basi nitavaa viatu vya mvua," alisema. "Na wewe Yareli, utajijua mwenyewe na hilo gauni lako jeupe. Binamu yako akifungua bomba, tutatoka tukiogelea."

Wote walicheka. Yareli naye alicheka. Lakini tangu jioni ile hakuwa na raha. Kila alipolitazama gauni ukutani aliliona limechafuka, na watu wanamcheka mbele ya kanisa. Angeweza kumwambia mama yake, au kwenda kwa mjomba wake, mtu asiyejua hata kufoka. Hakufanya hivyo.

Wiki ya sherehe alimvuta Brisa kando. Akamwambia kwamba mwenye basi amepiga simu, na kumbe sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka kumi na mitatu kupanda basi la namna ile. Ukumbini atacheza kama kawaida, ila basini hatapanda. Aliyasema hayo kwa sauti ya huruma, tena akamshika bega, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Brisa alisema sawa, akaenda zake nyumbani.

Hebu tazameni uongo ulivyo mjinga. Aliyezungumza na mwenye basi tangu mwanzo ni Rutilio, si mtu mwingine. Brisa alipompelekea baba yake habari ile, Rutilio alijua papo hapo kwamba hakuna sheria ya aina hiyo. Angeweza kwenda kwa dada yake kuwasha moto. Lakini binti yake alikuwa amesimama mbele yake akiuliza kama ni kweli. Kumwambia si kweli kulikuwa sawa na kumwambia kwamba wenzake hawamtaki. Akamjibu kuwa ni kweli, ndivyo sheria ilivyo. Alinieleza mwenyewe baadaye, na hakuweza kunitazama usoni.

Siku ikafika. Misa ilipokwisha, basi lilikuwa linangoja nje, jeusi, linang'aa. Mwenye basi, ambaye ndiye dereva, alikuwa mama wa makamo aitwaye Darlene, kutoka mji wa jirani. Vijana walipanda wakipiga vigelegele. Brisa alisimama kwenye ngazi za kanisa kando ya baba yake, amevaa gauni lake la buluu, mkono ameuinua tayari kuwapungia. Nilikuwa nyuma yao.

Bi Darlene alichungulia ndani, kisha akashuka.

"Brisa ndiye yupi?" aliuliza. "Kiti chake ni hiki cha mbele, karibu nami. Tangu siku ya kukodi baba yake aliniomba nimfungulie dirisha, na ndoo nimemwekea."

Brisa aliushusha mkono. "Lakini mimi nina miaka kumi na miwili," alisema.

"Sasa kumi na miwili ina ubaya gani?" Bi Darlene alishangaa. "Hata watoto wa chekechea nimewabeba."

Brisa alimtazama Yareli aliyekuwa amesimama mlangoni mwa basi. Kisha akageuka akamtazama baba yake, na huko ndiko kulikoniuma zaidi. Rutilio aliinamisha kichwa. Eulalia aliuliza kuna nini.

"Njoo upande, Brisa," Yareli alisema kwa sauti ndogo.

"Sitaki."

Akashuka ngazi, akaelekea kwao kwa miguu. Baba yake alimfuata nyuma, wala hakumkaribia.

Basi liliondoka. Ya mle ndani nilielezwa na Beto, kijana aliyepangwa kucheza na Brisa. Taa ziliwaka, muziki ukapigwa, lakini hakuna aliyeinuka. Beto alimwuliza Yareli waziwazi kama alidanganya, naye akakubali. Denisse akasema angalau viatu vimepona. Safari hii hakucheka mtu. Walipofika kwenye maghala, Yareli alisimama akishikilia kiti cha Bi Darlene, akamwomba ageuze basi, ampeleke nyumbani kwa mjomba wake. Picha za ziwani hazikupigwa.

Brisa alikuwa ameshavua gauni na kuvaa suruali yake ya shule. Yareli aliyasema yote palepale mlangoni, wenzake wakisikia.

"Hakuna sheria. Niliitunga mimi. Niliogopa utatapika, utanichafulia gauni, watu wanicheke. Nisamehe, Brisa."

Brisa alimjibu: "Ungeniambia unaogopa, ningekaa nyumbani mwenyewe bila kinyongo. Wiki nzima nimemchukia mwenye basi, mama wa watu, bure."

Ndipo Rutilio alipomweleza mpwa wake jambo ambalo hata sisi hatukulijua. Tangu basi lilipokodiwa, Brisa alikuwa akimwomba kila jioni amzungushe kwa gari lake, yeye akikaa kiubavu kama watu wanavyokaa katika basi lile, ili azoee. Mara ya kwanza alitapika. Siku zilivyokwenda ikapungua, na mwishowe akaweza kuuzunguka mji wote bila kuugua. Alikuwa amepania kumfurahisha Yareli kwa hilo.

Yareli alilia sana. Alimsihi apande basi sasa, akae popote anapotaka. Brisa alikataa. Alisema atakuja kucheza kwa sababu Beto hana mwenzake, na atakuja kwa miguu.

Akaja kweli, na hakukosea hatua hata moja. Dansi ilipokwisha alimpa binamu yake mkono, kama wanavyopeana watu waliokutana leo. Halafu akaja kukaa nami kwenye meza ya keki, mbali na Yareli na mbali na baba yake. Nilimkatia kipande. Alikula polepole.

Yareli alimfuata mjomba wake kwenye mlango wa jikoni, karibu nasi, akamwuliza afanye nini ili mambo yarudi kama zamani. Rutilio hakumgombeza.

"Kuogopa hukukosea," alimwambia. "Gauni jeupe, nani asingeogopa? Ungeniletea mimi hofu hiyo, ningepanda nikakaa naye, ndoo mapajani. Lakini wewe ulileta uongo, na mimi nikausaidia ili asiumie. Tazama sasa. Ameumia zaidi, na watu aliowaamini kuliko wote tumekuwa waongo wawili. Tutangoja mpaka atuamini tena, na hatuna la kumharakisha. Ukweli ungechafua gauni tu, mwanangu."

Kisha akamfuta machozi kwa leso yake, akaja hadi kwenye meza yetu, akamwomba Brisa ruhusa ya kukaa. Yeye pia alikuwa na msamaha wake wa kuomba.